Nusu Daraja na Ndoo ya Maji

Wenzangu wa karakanani, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na daftari. Saa nimeitundika. Daftari mlisema nilijaze mambo ya kazi ili wanaoingia sasa wapate cha kujifunza. Basi haya. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofanyia kazi miaka yangu ya mwanzo kwenye karakana hiyo hiyo yenu, hata kama hamkuwahi kuisikia. Mjukuu wangu Salma atawafasiria. Ameshaanza kulalamika kwamba sentensi zangu ni ndefu. Akikosea mlaumuni yeye, akipatia nishukuruni mimi.

Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa sitaandika, maana waliorukwa wengine bado wako hai na wanakuja kula pilau kwangu. Nitaandika nilivyoingia, nitaandika habari za Fundi Ratilal, na daraja moja ambalo nyote mmeliona kwenye picha ile ya ukutani na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini kamba zake zinachuruzika maji.

Mimi ni mtu wa Unguja, upande wa mashariki, na mama yangu alikuwa msokotaji wa kamba za makumbi. Asiyejua makumbi ni haya: maganda ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa mpaka yaoze, kisha hufukuliwa, hupondwa kwa mti, na nyuzi zake husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Kazi hiyo inanuka. Niliianza nina miaka sita, na nilipoposwa na karani nilikubali haraka kwa kuwa makarani hawanuki makumbi. Mambo ya kwetu yalipobadilika tukaondoka, mimi na mume wangu Saidi, tukaishia kwenye chumba kimoja cha kupanga Kilburn, London, chenye dirisha linalotazama ukuta.

Nilikuja karakanani kuomba kazi ya kufagia. Siku yangu ya kwanza nilifagia ngome mbili, pango moja na nusu ya kanisa, vyote vya mbao na plasta, vya kupigia sinema. Wakati ule tulikuwa chini ya upinde wa reli, na kila treni ikipita juu vikombe vya chai vilitembea vyenyewe mezani. Ukuta ulitoka jasho kiangazi na masika. Mwenye karakana alikuwa Bwana Pettit, mtu mwembamba aliyetia penseli sikio la kulia na sikio la kushoto, na bado akawa anauliza nani kaiba penseli yake.

Wiki ya pili niliwakuta mafundi wawili wanahangaika na kamba ya kengele ya lile kanisa. Waliikata, ncha zikafumuka, wakazifunga kwa gundi. Sikuweza kuvumilia. Niliweka ufagio, nikakaa chini, nikaifumua yote na kuisokota upya. Bwana Pettit alisimama juu yangu, kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Kesho yake ufagio ulipewa mtu mwingine na mimi nikapewa meza karibu na mlango, penye upepo. Kwa hiyo nilivuka bahari mbili kuyakimbia makumbi, nikaja kuyafanyia kazi miaka thelathini na kitu.

Mwaka wangu wa tatu akaja Ratilal. Sikumwona akiingia. Nilikuwa nimejipiga nyundo ya kidole gumba na nikasema maneno ambayo Salma hatayafasiri, kwa sauti, nikijua hakuna wa kunielewa. Nyuma yangu mtu akasema kwa Kiswahili, "Pole sana, mama. Lakini nyundo hapana kosa."

Nikageuka. Alikuwa Mhindi wa makamo, mfupi, koti lake limefungwa vifungo vyote. Alizaliwa Kisumu, akafanya useremala Kampala, milango, makabati na bodi za malori. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha karakana, hakina adabu nyingi za sarufi lakini hakikosi neno. Mimi nikamcheka maneno yake, naye akanicheka zana zangu, tukawa sawa. Aliniita Zuwenaben, kama wanavyowaita dada zao. Mimi nilimwita Fundi, na sikumwita mtu mwingine hivyo mpaka nilipostaafu.

Alichonifundisha ni hiki, na kiandikeni. Patasi hunolewa kabla ya kazi, si inapogoma. Kipimo kiwe kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana hakuna tepu mbili zinazokubaliana. Usipige kabari, yaani ule mti mwembamba wa kubana, kwa hasira, kwa kuwa kabari haisahau. Na usimwazime mtu patasi yako hata akiwa ndugu yako, mwambie imepotea. Hilo la mwisho alilifuata hata kwangu. Niliambiwa patasi imepotea nayo inaning'inia mbele ya macho yangu.

Alikuwa na jambo moja ambalo Bwana Pettit hakulielewa kabisa. Kila mwezi, siku ile mwezi unapopotea mbinguni kabla ya kuandama, Ratilal hakugusa zana. Siku hiyo kwao inaitwa amasi. Ukoo wake wote wa maseremala uliishika, tangu babu wa babu: siku hiyo zana zinapumzika, zinapakwa mafuta jana yake, na hakuna mkono unaozigusa. Alikuja kazini kama kawaida, akanywa chai, akatazama kazi za wengine na kutaja kasoro. Mikono aliitia mfukoni ili isisahau. Sisi Waislamu tunautafuta mwezi uonekane, yeye aliungoja upotee, na mara nyingi mimi na yeye ndio watu pekee Kilburn tuliojua mwezi uko wapi. Bwana Pettit alikubali kwa shingo upande. Alisema mafundi wake wengine hawafanyi kazi siku nyingi zaidi ya hiyo, ila wao hawana sababu.

Mkewe, Kanta, alikuwa Kampala. Ratilal alikuwa na pasi ya Kiingereza, Kanta alikuwa na karatasi za namna nyingine, na karatasi hizo mbili hazikutakiwa kusafiri pamoja. Kwa miaka mitatu alimwandikia kila juma. Mimi nilikuwa nikiandika anwani kwenye bahasha kwa sababu mwandiko wake ulikuwa wa kuandikia mbao.

Sasa daraja. Walikuja watu wa sinema na mchoro. Hadithi yao ilikuwa ya nchi isiyokuwepo, imepasuliwa na korongo ambalo ukitupa jiwe husikii likifika. Watu wa ng'ambo hii hawajawahi kuwagusa watu wa ng'ambo ile. Basi wanawake wa nchi hiyo, vizazi na vizazi, kila mmoja akifa nywele zake hukatwa na kusukwa kwenye daraja, shibiri moja moja, mpaka siku ya hadithi linapofika upande wa pili na malkia anavuka wa kwanza. Nilimuuliza mwongozaji kama wanawake hao waliwahi kupewa chai. Akaandika kwenye kitabu chake. Sijui aliandika nini.

Daraja zima lisingeingia studio. Njia yao ilikuwa hii: sisi tujenge nusu yake, futi ishirini na nne, kutoka kwenye mwamba wa plasta hadi kwenye nguzo iliyopakwa rangi nyeusi. Nusu ya pili, pamoja na korongo na milima, ingechorwa kwenye kioo kikubwa kilichosimama mbele ya kamera. Ukitazama ndani ya kamera, nguzo inajificha nyuma ya rangi, kamba ya kweli inaingia kwenye kamba ya kuchorwa, na jicho linaapa kuwa daraja ni moja. Lakini lazima mistari ikutane sawasawa. Ikipishana unene wa kidole, hadithi imekufa.

Ratilal alijenga mwamba, fremu na vibao vya kukanyagia. Kamba zilikuwa zangu. Kamba mbili za miguuni zilikuwa na waya ndani, kwa sababu watu wa bima hawapendi hadithi. Kamba mbili za mkono zilikuwa makumbi matupu, yaliyotiwa rangi nyeusi. Mimi ndiye niliyechagua makumbi. Watu wa sinema walileta katani na nailoni, nikawaambia hakuna kitu kinachofanana zaidi na nywele za bibi aliyekufa kuliko makumbi. Tukanunua mabunda kwa mtu anayetengeneza mazulia ya mlangoni. Nilisokota wiki sita. Paja langu la kulia lilipoteza vinyweleo na havijarudi.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo ndipo redio ikasema Waasia wa Uganda wamepewa siku tisini waondoke. Ratilal alikuwa anapiga randa. Aliendelea kupiga mpaka ule ubao ukawa mwembamba hautufai tena. Baada ya hapo kila asubuhi alisema namba badala ya salamu. "Sabini na mbili, Zuwenaben." "Sabini na moja."

Saidi, mume wangu, ndiye aliyekwenda naye ofisini kuuliza. Walirudi na jibu rahisi kulielewa: mke ataruhusiwa kuja Uingereza mume akionyesha barua ya mwajiri kwamba ana kazi ya kudumu, na barua ya mwenye nyumba kwamba kuna chumba. Bila hivyo Kanta angepelekwa popote penye nafasi, na wengine walikuwa wakipelekwa nchi ambazo hawajui hata zinasemaje maji. Chumba alikuwa nacho, jirani yetu. Kazi yake ilikuwa ya wiki kwa wiki.

Tulimwendea Bwana Pettit, mimi nikiwa mdomo, kwa kuwa Kiingereza cha Fundi kilikuwa kidogo. Alivuta penseli zote mbili.

"Siwezi kuandika kudumu wakati mimi mwenyewe sina cha kudumu," alisema. "Daraja hili likipita, wale watu watatupa sinema mbili nyingine. Wamesema. Likipita, nasaini siku hiyo hiyo. Lisipopita, Zuwena, mwezi ujao hata wewe hutakuwa na meza."

Nikamfasiria. Ratilal akasema, "Mwambie litapita." Kisha akauliza siku ya kupiga picha ni lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole akitazama dari. "Hiyo ni amasi," akasema.

Tulipanga vizuri. Kazi yote ingeisha siku moja kabla, yeye angesimama tu na mikono mfukoni. Tulilipeleka daraja studio siku tatu mapema. Studio hiyo ilikuwa kubwa na baridi kama ghala la samaki. Ratilal alizikaza kamba kwa kabari, mbili kila ncha, akagonga kidogo kidogo huku Doreen, mchoraji wa kioo, akitazama kwenye kamera. Doreen alichora siku mbili, brashi zake zikiwa nyembamba kama kope. Jioni ya mwisho niliangalia mimi mwenyewe. Wallahi sikuona mahali kamba yangu inapokwisha na rangi yake inapoanza. Nilijisifu njia nzima ya kurudi nyumbani, mpaka Saidi akaniomba ninyamaze.

Siku yenyewe wakawasha taa. Siku zile tatu tulikuwa na taa ndogo za kufanyia kazi. Sasa ziliwashwa zote, kubwa, kwa saa mbili, wakati malkia anavikwa nguo. Tulianza kutoa makoti. Doreen akainama kwenye kamera, akainuka, akafuta macho, akainama tena.

"Zimeshuka," akasema.

Kamba za mkono zilikuwa zimelegea. Katikati zilining'inia upana wa kiganja, na pale zilipotakiwa kukutana na kioo, daraja lilikuwa limekatika. Za waya zilikuwa vile vile. Kutembea ungeweza kutembea, lakini kwenye kamera malkia angeshika kamba isiyokwenda popote. Kuchora upya kulitaka siku nzima, na kesho asubuhi studio ilikuwa ya watu wengine, na mwamba wetu ungevunjwa.

Mwongozaji alimtazama Bwana Pettit. Bwana Pettit alimtazama Ratilal. "Kaza," akasema, na akaonyesha kabari kwa mkono. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Ratilal alitikisa kichwa. Mikono ilikuwa mfukoni.

"Mwambie ni mapigo matatu tu," Bwana Pettit akaniambia. "Mwambie sina mtu mwingine anayezijua kabari zake. Mwambie barua yake iko kwenye nyundo ile."

Nilimwambia yote, na nikaongeza yangu. "Fundi, mara tatu tu. Mungu wako ataelewa, ana akili kuliko sote."

"Mimi hapana gusa."

"Kwa ajili ya Kanta!"

"Zuwenaben, mimi nikivunja leo kwa sababu nina shida, basi haikuwa ahadi. Ilikuwa likizo."

Nilikasirika. Nilizijua barua za Kanta, nilizibeba posta mimi, na asubuhi ile alikuwa ameniambia namba: thelathini na mbili. Nikamwambia mbele ya watu, na kwa bahati njema hawakuelewa, "Weye Fundi unavipenda vyuma kuliko mkeo! Mwenzio yuko kule roho mkononi, na weye umetia mikono mfukoni!"

Uso wake ulibadilika rangi na akatazama sakafu. Nimesema maneno mengi maishani, na hayo ndiyo ningependa kuyarudisha.

Bwana Pettit akanyakua nyundo mwenyewe. Alipiga kabari ya kwanza kwa hasira, na kabari ikapasuka katikati. Kamba ilibaki kwenye kabari moja tu, tena ikashuka kidogo zaidi. Aliirusha nyundo chini, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba asisikie tena habari ya barua, akaenda kukaa kwenye ngazi za mwamba wa plasta.

Nilikwenda kuishika ile kamba. Ilikuwa kavu na nyepesi, inakwaruza. Karakanani haikuwahi kuwa hivi hata siku moja.

Ratilal alikuja akasimama kando yangu. Alisema polepole, kama hakusikia chochote nilichomwambia, "Kwenu mnalala kitanda cha kamba?"

"Kitanda gani sasa, Fundi?"

"Cha mama yako. Kamba hii hii. Kiangazi kikilegea, mama alichukua nyundo?"

Mama yangu alikuwa akikirashia maji. Kila kiangazi kitanda kilipobonyea, alikipeleka uani, akakirashia kwa kata, kamba zikanywa, zikajaa, zikavuta, na usiku tukalala kwenye kitanda kigumu kama meza. Nimelala juu ya jibu lile tangu utoto. Nilizifunga kamba zangu zikiwa zimelewa unyevu wa Kilburn, nikazileta mbele ya taa zilizozikausha, na sikufikiri. Mtoto wa msokotaji! Makumbi yakinyonya maji hufupika, yakikauka hurefuka. Andikeni na hilo.

"Ndoo si zana?" nikamuuliza.

Akafikiri kweli kweli. "Ndoo ni ya jikoni," akasema.

Fundi wa umeme alipoona ndoo alipiga kelele kuliko mwongozaji. Ilibidi taa za chini zizimwe na waya zifunikwe kwa karatasi za nailoni. Nilichukua birika la chai la kantini, kwa kuwa mdomo wake unamimina uzi mwembamba, nikapanda ngazi. Ratilal aliishikilia ngazi kwa mgongo, mikono mfukoni. Nikamimina tangu mwamba hadi nguzo, nikashuka, tukaisogeza ngazi, nikamimina ya pili. Hakuna kilichotokea. Bwana Pettit hakuinua kichwa. Nikamimina tena. Nilikuwa nasoma kila sura niliyoijua, na ninazozijua hazikuwa nyingi, nikaanza tena za mwanzo.

Kisha Doreen akasema kutoka kwenye kamera, "Inapanda."

Ilipanda polepole, robo saa nzima, naye akiita. Kidole kimoja. Nusu. Imefika. Kisha akasema, "Imepita!" Zilikuwa zimenyonya kupita kiasi na sasa zilikuwa juu ya mstari. Watu wakaanza kulalamika. Ratilal akaniambia, "Mwambie awashe taa, angoje." Na ndivyo ilivyokuwa: taa zilizikausha, kamba zikaanza kushuka, zikafika kwenye mstari wa Doreen, na kwa muda wa dakika mbili tatu zikawa pale pale. Katika dakika hizo malkia alivuka. Kisha zikalegea, nikapanda na birika, tukaanza upya. Alivuka mara nne. Yale maji mnayoyaona kwenye picha ni ya mara ya nne, na watu wengi wameandika kwamba ni machozi ya wanawake waliokufa. Ni maji ya bomba.

Bwana Pettit alitazama zote nne kutoka alipokaa. Mwongozaji aliposema inatosha, alikuja kwangu, akaniuliza barua iko wapi. Saidi alikuwa ameipiga taipu wiki nzima nyuma, na ilikuwa kwenye mkoba wangu. Aliisoma yote. "Nilisema likipita," akasema, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe, na akaisaini juu ya kidato cha ngazi. Tone la maji lilianguka kwenye herufi ya mwisho. Ofisi haikuuliza.

Ratilal nilimwomba radhi kwenye basi. Alisema, "Umechoka, kaa," akanionyesha kiti. Hatukulizungumza tena.

Karatasi zilichukua muda wake, na namba za asubuhi zikashuka mpaka nikawa sitaki kufika kazini. Zilikuwa zimebaki siku tano simu ikaja kwa mwenye nyumba kwamba Kanta yuko njiani. Ratilal aliniomba twende wote uwanja wa ndege, kwa ajili ya Kiingereza. Tulisimama saa sita. Baridi ilikuwa kali, na waliotoka mlango ule walikuwa wamevaa nguo za Kampala.

Kanta alitoka karibu na mwisho. Alikuwa mwanamke mdogo wa sari moja na ndala, anavuta sanduku kwa mikono miwili, anapumzika kila hatua chache. Alimtazama mumewe, kisha mimi. "Wewe ndiye Zuwenaben," akasema, Kiswahili chake kizuri kuliko cha mumewe. Ratilal akainama kulibeba sanduku, likamshinda, akabaki ameinama.

"Umetia nini humu?" akauliza.

"Fungua."

Alilifungua pale pale sakafuni. Hapakuwa na nguo za kila siku. Palikuwa na sari moja nyekundu, ya harusi, na ndani yake randa, patasi, misumeno miwili na tezo, vyuma vyeusi vya zamani vyenye mipini iliyolika kwa mikono.

"Za baba yake," Kanta akaniambia. "Na za babu. Walituruhusu sanduku moja tu. Njiani askari walilifungua mara tano. Bangili zangu walichukua. Hizi walisema ni takataka, wakanirudishia."

Nilikumbuka nilichokisema mbele ya kamera, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamuuliza, "Na nguo zako, mwanangu?"

"Nguo si ziko London?"

Nilivua koti langu nikamvika. Ratilal alikuwa bado amepiga magoti, anazitoa moja moja na kuzipanga sakafuni, na analia waziwazi, watu wanampita pande zote na mizigo yao. Nikataka kumwambia ainuke. Kanta akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Akimaliza kuzihesabu, atakumbuka kunisalimia."